Gusa mguu kabla ya kuitafuta mashine ya presha: mwongozo wa shoki kwa muuguzi wa zamu

Hospitalini tunasema "shoki". Ukimwambia ndugu wa mgonjwa kwamba mzee wake amepata mshtuko, atakuuliza ni nani aliyempa habari mbaya, au atadhani moyo umesimama. Kwa hiyo hapa nitasema shoki, nikimaanisha jambo moja tu: damu inayofika kwenye viungo haitoshi kuvipa oksijeni. Presha inaweza kuwa imeshuka, na inaweza kuwa bado iko sawa. Hiyo ya pili ndiyo inayotuponyoka.

Nimekuwa muuguzi kwa miaka mingi, Kisumu kwanza na baadaye Nakuru, leba wodi na kasualti. Nawaandikia wenzangu, hasa wa zamu ya usiku katika vituo ambavyo daktari ni wa kupigiwa simu. Dozi nilizotaja ni zile za kawaida. Protokoli iliyobandikwa ukutani kwako na maagizo ya daktari wako ndivyo vyenye neno la mwisho.

Hatua ya 1: Tumia mikono

Usiku mmoja nilipokea zamu na kuambiwa mama wa kitanda cha dirishani yuko sawa, amejifungua saa tatu zilizopita, presha 110/70. Nilipompitia akaniambia, "Sista, nasikia baridi." Kisumu usiku ule sisi sote tulikuwa tunatoka jasho. Nikamshika nyayo: baridi, na baridi yenyewe ilipanda hadi katikati ya muundi. Mapigo 124. Nikainua shuka, nikakuta leso mbili zimekunjwa vizuri chini yake, zimelowa hadi zimekuwa nzito, na ya tatu imeanza kulowa. Alikuwa anazibadilisha mwenyewe kimyakimya kwa sababu hakutaka kusumbua.

Presha ile ya 110 haikuwa ya uongo. Mwili ukipoteza damu, moyo huongeza kasi na mishipa ya mikono na miguu hujifunga ili damu iliyobaki iende kwenye ubongo na moyo. Mtu mzima mwenye lita 5 za damu anaweza kupoteza karibu lita moja na nusu kabla namba ya juu ya presha haijaanguka. Mama aliyetoka kujifungua huficha zaidi, maana mimba humwongezea damu kwa karibu nusu. Ukingoja presha ishuke ndipo uamke, umeamka umechelewa.

Basi kwa kila mgonjwa usiyemwamini, fanya hivi kwa mpangilio huu. Weka nyuma ya mkono wako kwenye nyayo zake, panda polepole hadi goti, utambue baridi inaishia wapi. Bonyeza kucha kwa sekunde tano kisha uachilie na uhesabu: rangi ikichukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, kuna shida. Hesabu mapigo mwenyewe kwa dakika nzima huku ukisikiliza nguvu yake, kama ni ya kujaa au ni nyembamba kama uzi. Hesabu pumzi, kazi ambayo wengi wetu huibuni tukiandika 20 kwa kila kitanda. Zungumza naye: anakujibu vizuri, anahangaika, au anasinzia? Mwisho uliza alikojoa saa ngapi.

Sasa chukua presha. Gawanya mapigo kwa namba ya juu. Mtu mzima mwenye afya huwa kati ya 0.5 na 0.7. Kwa mama aliyejifungua, ikifika 0.9 chukua hatua. Yule wa dirishani alikuwa 124 kwa 110, yaani zaidi ya 1.1, na bado kwenye karatasi alikuwa ameandikwa "sawa". Angalia pia pengo kati ya namba ya juu na ya chini. Likizidi kupungua, kwa mfano 105/88, mwili unajikaza.

Hatua ya 2: Dakika tano za kwanza

Ita msaada kwa sauti, hata kama ni mhudumu wa usafi aliye karibu. Mtu wa pili atashika tochi, ataleta oksijeni na atapiga simu. Mlaze mgonjwa chali, isipokuwa kama anakosa pumzi akilala. Huyo mwache aketi nusu, na hiyo yenyewe ni dalili nitakayoirudia. Mjamzito wa zaidi ya wiki 20 mwinamishe kushoto ili mtoto asikandamize mshipa mkubwa wa tumboni.

Fungua njia ya hewa, weka oksijeni kwa barakoa yenye mfuko, lita 10 hadi 15 kwa dakika. Weka kanula mbili nene, ya kijivu namba 16 au ya kijani namba 18. Ile ya waridi hupitisha maji polepole mno kwa mtu anayevuja damu, ingawa kwenye mkono uliokauka mishipa ni bora ya waridi iliyoingia kuliko ya kijivu iliyotoboa. Kabla hujaunganisha dripu, vuta damu ya kupima himoglobini, kundi na ulinganisho. Pima sukari kwa kila mgonjwa, bila kuchagua. Mfunike blanketi: damu iliyopoa haigandi vizuri, na Nakuru, iliyo mita karibu 1,850 juu ya usawa wa bahari, usiku wake si wa Kisumu. Weka katheta ya mkojo mara unapopata nafasi.

Dripu imetundikwa. Usiifungulie yote bado, ila kama unaiona damu inamwagika au mtu amekauka kwa kuhara. Kwanza jibu swali lifuatalo.

Hatua ya 3: Ni shoki ya aina gani?

Shoki zote zinafanana kwa jina na kwa hatari, lakini maji yanayomwokoa mmoja humwua mwingine. Kama kuna kitu kimoja ninachotaka ukichukue hapa ni hiki: tundika chupa mkono mmoja, mwingine uwe bado unamchunguza mgonjwa.

Gusa mikono yake, tazama mishipa ya shingo, sikiliza mapafu chini mgongoni. Mikono baridi, shingo bapa, mapafu safi: amepungukiwa, damu au maji. Mikono baridi, shingo imejaa, mapafu yananguruma kwa unyevu: moyo umeshindwa kusukuma. Mikono baridi, shingo imejaa, lakini mapafu hayana unyevu, au upande mmoja umenyamaza kabisa: kuna kitu kimeziba au kimekandamiza. Mikono joto na presha imeshuka: mishipa imelegea, iwe kwa maambukizi, mzio au jeraha la uti wa mgongo. Sepsisi, yaani maambukizi yanayouangusha mwili mzima, nayo ikikomaa hugeuka baridi, kwa hiyo joto la mikono likusaidie, lisikufunge macho.

Damu

Hapa ndipo tunapopoteza watu ambao tungeweza kuwaokoa. Kwa mama aliyejifungua, mililita 500 ni mwito wa kuchukua hatua, na jicho letu hupunguza kiasi cha damu karibu kila mara. Utafiti wa E-MOTIVE uliofanyika katika hospitali takriban 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, matokeo yake yakatoka 2023, ulitumia mfuko wenye alama za vipimo chini ya makalio ya mama, kisha matibabu yote yakatolewa kwa pamoja badala ya moja baada ya jingine. Kuvuja damu kwingi pamoja na madhara yake makubwa kulipungua kwa asilimia 60. Hakukuwa na dawa mpya ndani yake. Kupima kweli na kutosubiri ndiko kulikoleta tofauti.

Kwa hiyo: sugua mfuko wa uzazi hadi ukaze, na mkono mwingine usiache kazi. Oksitosini, dawa ya kuukaza mfuko huo, yuniti 10 kwa mshipa taratibu, kisha yuniti 20 ndani ya lita moja ya salaini kwa saa 4. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, gramu 1 kwa mshipa kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu ajifungue. Damu ikiendelea baada ya dakika 30, rudia. Mwage kibofu. Kagua kondo kama limetoka lote, kagua michaniko ya shingo ya uzazi na uke kwa taa nzuri. Ikigoma, puto la kondomu na katheta ndani ya mfuko wa uzazi, vazi la kubana miguu na tumbo kama lipo, na simu ya thieta, chumba cha upasuaji, iwe imeshapigwa. Angalia pia friji: oksitosini hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na chupa iliyokaa siku nzima kwenye troli katika joto la ziwani hupoteza nguvu. Nimewahi kuona mfuko wa uzazi ukigoma, tukafungua kisanduku kipya kutoka kwenye friji, ukakaza.

Kwa majeruhi wa bodaboda wa Kondele au wa malori ya Salgaa, damu unayoiona sakafuni ni ya kwanza tu. Tafuta nyingine kifuani, tumboni, kwenye nyonga na kwenye paja. Mfupa wa paja ukivunjika pekee unaweza kumeza zaidi ya lita moja bila tone kutoka nje. Bana jeraha kwa mkono, si kwa kulundika pamba. Nyonga inayolegea ifunge kwa leso iliyokunjwa, ikazwe usawa wa mifupa inayochomoza juu ya mapaja, si kiunoni. Traneksamiki gramu 1 ndani ya saa 3 za ajali. Maji kidogo, nusu lita yenye joto kisha pima tena, maana maji mengi hupunguza uwezo wa damu kuganda. Anachohitaji ni damu. Uliza benki ya damu mapema. Kanda yetu inapata kutoka vituo vya Kisumu, Eldoret na Nakuru, na kati ya simu na mfuko kufika kuna barabara.

Kuhara na kuungua

Kipindupindu hurudi kwenye fuo za ziwa tena na tena, na hapa maji ndiyo dawa yenyewe. Macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya inachelewa kurudi, mapigo hayashikiki. Mtu mzima: maji ya dripu ya Ringer's lactate mililita 100 kwa kila kilo, 30 kati ya hizo kwa nusu saa ya kwanza na 70 kwa saa mbili na nusu. Mtu wa kilo 60 anapata lita 1.8 kwa dakika 30. Ndiyo, ni nyingi. Usimwonee huruma ya dripu ya matone. Akiweza kumeza, mpe maji ya ORS (ya chumvi na sukari) papo hapo, dripu ikiendelea. Mtoto fuata chati ya Mpango C, ya waliokauka sana, kwa umri wake. Mwenye utapiamlo mkali ana chati yake, maji machache na polepole.

Wa kuungua hupoteza maji kidogo kidogo kwa saa nyingi. Wazee wa kasualti za Nakuru na Molo wanaikumbuka Januari 2009, lori la mafuta lilipowaka Sachangwan na watu zaidi ya 100 wakafa. Saa za kuhesabia maji huanza alipoungua, si alipofika kwako. Na mtu aliyeungua dakika chache zilizopita akiwa tayari na shoki, mtafutie jeraha jingine.

Sepsisi, na mtoto mwenye homa

Mtu mzima mwenye homa au baridi isiyo ya kawaida, pumzi za haraka, amechanganyikiwa, presha inateremka: chukua damu ya kukuza vijidudu kama maabara inaweza, kisha antibiotiki ndani ya saa moja. Nasema saa moja kwa saa ya ukutani. Mara nyingi dawa imeandikwa saa mbili usiku na imeingia mshipani saa tano, kwa sababu famasi ilikuwa imefungwa na hakuna aliyepiga simu.

Maji mpe kwa vipimo, nusu lita, kisha usikilize mapafu na uhesabu pumzi. Miongozo mingi ya kimataifa inasema mililita 30 kwa kilo ndani ya saa 3. Lakini utafiti wa Lusaka uliochapishwa 2017 uligawa watu wazima wenye sepsisi na presha ya chini, wengi wao wakiishi na virusi vya Ukimwi, katika makundi mawili. Waliopewa maji mengi kwa haraka walikufa 48 kwa kila 100, na waliopewa huduma ya kawaida walikufa 33. Wodi zetu zinafanana zaidi na ile ya Lusaka kuliko zile zenye mashine ya kupumulia kila kitanda. Presha isipopanda baada ya maji ya kiasi, mgonjwa anahitaji dawa ya kubana mishipa, noradrenalini au adrenalini ya dripu, na mahali pa kuangaliwa kwa karibu, lengo likiwa wastani wa presha wa 65.

Kwa mtoto ni muhimu zaidi. Utafiti wa FEAST, watoto 3,141 wenye homa na dalili za shoki nchini Kenya, Uganda na Tanzania, ulitoka 2011: waliomiminiwa maji kwa kasi walikufa zaidi ya 10 kwa kila 100 ndani ya saa 48, na wasiomiminiwa walikufa takriban 7. Wa kuhara na wa utapiamlo hawakuwemo. Mtoto anayeletwa kutoka Nyando au Siaya akiwa na homa, viganja vyeupe kama karatasi na anahema, mara nyingi ana malaria na upungufu wa damu. Mpe oksijeni, sukari (dekstrosi ya 10% mililita 5 kwa kilo ikiwa imeshuka), artesuneti ya malaria, antibiotiki, na damu. Kumfungulia salaini ni kuizimua damu kidogo aliyobaki nayo.

Mzio

Sindano ya penisilini, dawa mpya ya mshipani, nyuki. Baada ya dakika chache mabaka yanawasha, sauti inakwaruza, kifua kinapiga filimbi, mtu analegea. Mabaka yanaweza yasiwepo. Simamisha dawa. Adrenalini ya 1:1000, mililita 0.5, kwenye msuli wa paja upande wa nje. Miaka 6 hadi 12 mpe 0.3, chini ya hapo 0.15. Rudia kila baada ya dakika 5 akiwa hajapata nafuu. Haidrokotisoni na piritoni, dawa tulizozoea kwa mzio, haviokoi mtu hapa. Nimeona vikitafutwa kabatini huku adrenalini imelala kwenye trei. Mlaze, inua miguu, mpe maji, na usimruhusu kusimama hata kama anasema yuko sawa anataka kwenda msalani. Kusimama ghafla kumewaua watu waliokuwa wameanza kupona. Mwangalie kwa saa kadhaa, maana dalili zinaweza kurudi.

Moyo

Mama wa miezi miwili baada ya kujifungua, miguu imevimba, anakohoa usiku, presha 85/60. Nilikuwa mpya kazini. Katika kituo ambacho sitakitaja tulimsoma kama aliyekauka, tukampa lita moja. Nusu saa baadaye alikuwa ameketi ameshika kingo za kitanda, povu jepesi la waridi mdomoni. Moyo wake ulikuwa umepanuka baada ya uzazi, na hakuna aliyemsikiliza mapafu kabla. Yeye mwenyewe alikuwa ametuambia mlangoni kwamba halali bila mito mitatu.

Tangu hapo swali langu la kwanza kwa mwenye presha ya chini ni, "Unalala kwa mito mingapi?" Kama ni mingi, shingo imejaa na mapafu yana unyevu, funga dripu, mketishe, oksijeni, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ikiwepo, na umwite daktari kwa ajili ya dobutamini au dawa nyingine ya kuusaidia moyo. Kijana mwenye ugonjwa wa vali uliotokana na homa ya baridi yabisi, mzee mwenye maumivu ya kifua yanayopanda taya: wote wa kundi hili.

Kizuizi

Majeruhi wa kifua, upande mmoja haupandi wala hausikiki, shingo imejaa, anazidi kuzama. Huu ni upepo uliokandamiza pafu na moyo, na usingoje eksirei. Aliyefunzwa aingize sindano nene: mtu mzima nafasi ya tano ya mbavu, mbele kidogo ya mstari wa kwapa, mtoto nafasi ya pili, katikati ya mfupa wa mtulinga. Kisha mrija wa kifua. Mwenye TB au VVU ambaye shingo imejaa na sauti za moyo zinasikika kwa mbali, fikiria maji yaliyouzingira moyo. Aliyelala muda mrefu baada ya upasuaji akakosa pumzi ghafla, fikiria bonge la damu kwenye pafu.

Uti wa mgongo

Aliyeanguka kutoka kwenye mwembe au jukwaa la ujenzi, presha chini, lakini ngozi kavu na joto, na mapigo polepole, 50 hivi. Mapigo hayo ya polepole ndiyo yanayomtofautisha. Shingo isitikiswe, geuzeni mkiwa wanne, atropini ya kuyaongeza mapigo ikiwa yanazidi kushuka. Kabla ya kusema ni neva, hakikisha hana damu tumboni.

Hatua ya 4: Kumfuatilia na kumsafirisha

Pima kila dakika 5 mwanzoni, kisha kila 15 akitulia, na kila kipimo kiandikwe na saa yake. Dalili nzuri hazianzi kwenye mashine: nyayo zinapata joto kuanzia goti kushuka, mazungumzo yanarudi, mkojo unafika mililita 0.5 kwa kilo kwa saa, yaani karibu 30 kwa mtu wa kilo 60. Mapigo yakishuka ghafla huku mgonjwa akinyamaza, hiyo si nafuu, mwangalie upya.

Ikibidi apelekwe Kisumu, Kakamega, Eldoret au Nakuru, zuia kwanza unachoweza kuzuia. Ambulensi isimbebe mtu anayevuja bila mkono uliobana. Piga simu upande wa pili, useme aina ya shoki unayoshuku, usiseme tu "presha imeshuka". Hakikisha kanula mbili zimefungwa vizuri kwa plasta, kwa sababu barabara itazing'oa. Pima mtungi wa oksijeni kama utafika, na muuguzi aende naye. Mwambie ndugu anayepanda gari jambo moja lililo wazi: "Mama amepungukiwa na damu, tunampeleka aongezewe, kundi lake ni hili, tafuteni watu wa kutoa."

Kwenye karatasi ya rufaa andika muda wa kila dawa, hasa traneksamiki na antibiotiki ya kwanza, maji yaliyoingia kwa mililita, mkojo uliotoka, na baridi ya miguu ilikuwa imefika wapi ulipomwacha. Nilipompokeza mama wa dirishani kwa timu ya thieta niliandika "baridi hadi muundi". Alfajiri, baada ya mifuko miwili ya damu, mwenzangu alinipigia kuniambia sasa ni vidole tu.